Je, Wajua? Laptopu Iliyonyamaza Huenda Haina Ubovu

Je, wajua kwamba laptopu ya Linux isiyotoa sauti mara nyingi ina spika nzima, kadi nzima na nyaya nzima? Kinachokosekana ni kipande kidogo cha programu kiitwacho moduli. Au moduli ipo, ila imeingia kwa mpangilio mbaya. Au imeingia sawasawa, lakini sauti imezimwa juu yake. Hayo ni maradhi matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Safu ya leo ni ya wenye laptopu za mtumba, zile za ex-UK, kuanzia Sofia na Birikani hapa Voi hadi Mwatate, Wundanyi na Taveta. Kabla hujafungua skrubu hata moja wala kutoa shilingi, iulize mashine yenyewe. Itakujibu.

Je, wajua kwamba Linux na Wundanyi zinakutana Helsinki? Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alipotangaza kerneli yake, yaani kiini cha mfumo wa Linux, tarehe 25 Agosti 1991. Chuo hichohicho ndicho chenye kituo cha utafiti cha Taita huko Wundanyi, ambako wanasayansi wa Kifini na wa Kenya huchunguza misitu, hali ya hewa na wanyama wa milima yetu.

Na katika kazi hiyo, sauti imeleta habari njema. Mtafiti Hanna Rosti na wenzake waliweka vinasa sauti msituni usiku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yakathibitisha kwamba komba mdogo wa milima ya Taita bado yupo, katika misitu ya Ngangao na Mbololo. Mnyama huyo ni mdogo, hutembea usiku, hukaa juu ya miti, na kumwona ni kazi kubwa. Mlio wake ndio uliomtambulisha. Rekodi zao zilinasa pia perere wa miti, ambaye kilio chake cha usiku wanakijua vizuri waishio kando ya misitu hiyo. Basi mwanafunzi anayefungua rekodi za namna hiyo kwenye laptopu yake na asisikie kitu amefungiwa mlango wa somo lenyewe. Ndiyo sababu naona jambo hili la moduli linastahili ukurasa mzima.

Je, wajua kwamba draiva ya kwanza ya sauti ya Linux, yaani programu ya kuendesha kadi, iliandikwa na Mfini mwingine? Hannu Savolainen aliiandika mwaka 1992 kwa ajili ya kadi ya Sound Blaster, bidhaa ya kampuni ya Creative ya Singapore. Kazi yake ilikua ikawa mfumo wa OSS. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, Mcheki, akaanza mfumo mwingine kwa sababu kadi yake ya Gravis Ultrasound haikutendewa haki na draiva zilizokuwepo. Mfumo huo ni ALSA, na kerneli ya 2.6 ilipotoka Desemba 2003 ndio uliokuwa mfumo rasmi wa sauti. Hadi leo ndio unaoshika vyuma vya sauti katika Linux. Ukiona moduli ambayo jina lake linaanza na herufi snd, umekutana na mtoto wa ALSA.

Je, wajua kwamba abiria anayeshuka treni ya SGR pale Voi akiwa na simu ya Android mfukoni amebeba Linux? Kerneli ya simu hiyo ni ya Linux, na chini kabisa sauti yake hupita katika ALSA.

Je, wajua kwamba kerneli haipakii draiva zote kwa pamoja? Draiva nyingi hukaa kwenye diski kama moduli, katika saraka ya /lib/modules, zikiwa zimepangwa kwa namba ya toleo la kerneli, na huingia kwenye kumbukumbu pale tu kifaa kinapoonekana. Mashine moja inaweza kuwa na maelfu ya moduli kwenye diski na kutumia mia moja na kitu tu. Faida yake ni kwamba laptopu kuukuu yenye kumbukumbu ndogo haibebeshwi mzigo wa vifaa isivyokuwa navyo. Hasara yake ni kwamba kila kitu kinategemea utambuzi: kifaa kisipotambuliwa, moduli haiitwi.

Utambuzi wenyewe unafanyika hivi. Kila kifaa hujitaja kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya kifaa chenyewe. Intel ni 8086, namba ileile ya chipu yake maarufu ya mwaka 1978. AMD ni 1022, NVIDIA ni 10de, Realtek ni 10ec. Kerneli inapokutana na namba hizo hutangaza, kisha programu ya udev hutafuta katika faili ya modules.alias moduli iliyosema inazijua. Ni kama makanga pale stendi ya Voi: abiria akisema Wundanyi anapelekwa kwenye gari la Wundanyi, akisema Taveta anapelekwa la Taveta, na asiposema chochote kinachoeleweka anabaki amesimama na mzigo wake. Ukitaka kuona namba zote ambazo moduli fulani inazikubali, andika "modinfo snd_hda_intel" na usome orodha ndefu itakayotokea.

Je, wajua kwamba moduli hiyo ya snd_hda_intel huendesha pia sauti za AMD na NVIDIA? Kiwango cha HD Audio kilitolewa na Intel mwaka 2004 kurithi kile cha AC'97 cha mwaka 1997, na watengenezaji wengine wakakifuata. Kwa hiyo ukiona jina la Intel ndani ya mashine ya AMD, usiifute ukidhani imekosea njia. Iache. Ndiyo yenyewe.

Je, wajua swali la kwanza la kuiuliza mashine? Si "mbona husikiki?" bali "unaiona kadi yako?" Amri ya "lspci -nnk" huorodhesha vifaa vilivyo kwenye ubao, namba zake, na draiva iliyokishika kila kimoja. Kwa vifaa vya USB tumia "lsusb". Kadi ikiwa haimo kabisa katika orodha, moduli haina hatia: angalia kama sauti imezimwa katika mipangilio ya BIOS, au kama chuma chenyewe kimekufa. Kadi ikiwemo lakini hakuna mstari unaotaja draiva inayotumika, hapo ndipo pa kutafuta moduli. Na kadi ikiwemo pamoja na draiva yake, acha kuhangaika na moduli, panda ngazi ya juu. Swali hili moja huokoa jioni nzima, na nasikitika kuona mafundi wengi wakiliruka wakakimbilia kusakinisha mfumo upya.

Swali la pili: "lsmod | grep snd". Orodha itakayotokea husomwa kutoka faili ya /proc/modules, na safu yake ya mwisho huonyesha nani anamtegemea nani. Chini ya snd_hda_intel utakuta moduli ya kodeki, yaani chipu inayogeuza namba kuwa sauti: snd_hda_codec_realtek, snd_hda_codec_conexant au snd_hda_codec_idt, kutegemea laptopu na toleo la kerneli. Ikiwa imeingia ya HDMI pekee, mashine inajua televisheni tu wala haina habari ya spika zake.

Je, wajua tofauti ya insmod na modprobe? Ya kwanza huingiza faili moja uliyoitaja, basi. Ya pili husoma modules.dep na kuziingiza kwanza moduli zinazotangulia. Tumia modprobe. Halafu usijali kistari: snd-hda-intel na snd_hda_intel kwa modprobe ni kitu kimoja.

Je, wajua kwamba moduli ikikataa kutoka haimaanishi imeharibika? Ukiandika "sudo modprobe -r snd_hda_intel" ukaambiwa inatumika, ni kweli inatumika: programu ya kusimamia sauti, PipeWire au PulseAudio, imeshika kifaa. Amri ya "fuser -v /dev/snd/*" itakutajia mshikaji kwa jina. Katika Ubuntu kuna njia ya mkato, "sudo alsa force-reload", inayowaondoa washikaji na kupakia moduli upya.

Sasa tukae kidogo kwenye jambo linalowasumbua wengi kuliko yote: namba za kadi.

Je, wajua kwamba laptopu yenye tundu moja la earphone inaweza kuwa na kadi mbili au tatu? Andika "cat /proc/asound/cards" ujionee. Moja ni ya spika na maikrofoni, nyingine ni ya HDMI iliyo ndani ya chipu ya picha, na ukichomeka kamera ya USB yenye maikrofoni inaongezeka ya tatu. ALSA huzipa namba kwa mpangilio wa kuingia, kuanzia sifuri, na programu isiyoambiwa kitu hupeleka sauti kwenye kadi namba sifuri. HDMI ikiwahi, video yako itacheza kimya huku sauti ikienda kwenye televisheni ambayo haipo. Mbaya zaidi, mpangilio unaweza kubadilika kutoka kuwasha hadi kuwasha: leo inasikika, kesho haisikiki, na mwenye laptopu anasadiki kwamba spika zinakufa polepole. Hazifi. Ni foleni tu imebadilika.

Tiba ziko tatu. Unaweza kuandika katika faili iliyo ndani ya /etc/modprobe.d mstari kama "options snd slots=snd_hda_intel,snd_usb_audio", unaotenga nafasi ya kwanza kwa moduli ya kwanza. Kama kadi zote mbili zinaendeshwa na snd_hda_intel, mstari wa "options snd_hda_intel index=1,0" hugeuza mpangilio wao. Tiba ya tatu, ninayoipendelea, ni kuacha namba kabisa na kuitaja kadi kwa jina lake, kama PCH, ambalo utaliona kwenye mabano ya faili ileile ya cards. Jina halibadiliki kwa kuwahi au kuchelewa.

Je, wajua kwamba faili ya mipangilio ndani ya /etc/modprobe.d isiyoishia na .conf haisomwi? Watu huandika mstari sahihi katika faili yenye jina baya kisha wanalaumu mstari.

Je, wajua pia kwamba neno blacklist katika faili hizo halifungi mlango wote? Huzuia moduli isiitwe kwa namba za kifaa, lakini mtu au moduli nyingine ikiitaja kwa jina bado itaingia. Na hapa nitasema wazi: kuzuia moduli kwa kubahatisha ni tabia inayoharibu mashine nyingi. Mtu ananakili mistari kumi asiyoielewa, mmoja unanyamazisha HDMI, mwingine unanyamazisha spika, na mwaka unaofuata laptopu inauzwa kwa mtu mwingine ikiwa na mistari hiyo hiyo ndani yake. Ukinunua laptopu ya mtumba yenye Linux tayari, fungua saraka hiyo kwanza. Moduli ya kuzuiwa kwa sababu ya haki ni kama snd_pcsp, ile inayogeuza king'ora cha ndani cha kompyuta kuwa kadi ya sauti na wakati mwingine kujichukulia nafasi ya sifuri.

Je, wajua kwamba ndovu wa Voi aliwahi kuigiza sauti ya lori? Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Joyce Poole na wenzake kuhusu Mlaika, ndovu jike wa miaka kumi aliyekuwa miongoni mwa yatima wa Tsavo. Zizi lao la usiku lilikuwa kilomita 3 kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na Mlaika alikuwa akitoa mlio uliofanana na wa malori yapitayo. Ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba ndovu hujifunza sauti kwa kusikia.

Na je, wajua kwamba sauti iliyorekodiwa imewahi kuwakimbiza ndovu? Mwaka 2007 Lucy King, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath walieleza jaribio walilofanya Samburu na Buffalo Springs: walipochezea familia 17 za ndovu mvumo wa nyuki waliokasirishwa, 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Kutokana na kazi hiyo zikaja zile nyua za mizinga ya nyuki ambazo wakulima wa Sagalla, hapa karibu na Voi, wanazitumia kulinda mashamba. Mkulima wa Sagalla anajua thamani ya mvumo kuliko mhandisi yeyote.

Nimeyaleta haya kwa sababu yanagusa upimaji. Ngurumo ya ndovu ina sehemu iliyo chini ya Hz 20, mahali ambapo sikio la binadamu halifiki, wala spika ndogo ya laptopu haiwezi kuitoa. Ukicheza rekodi kama hiyo usisikie kitu, hujathibitisha ubovu wowote. Pima kwa sauti inayojulikana: "speaker-test -t sine -c 2" hutoa mlio wa Hz 440, upande mmoja kisha mwingine. Ukisikia mlio huo, moduli, kodeki na spika zote ziko kazini, na tatizo liko katika programu unayoitumia au katika rekodi.

Je, wajua alama ya MM? Fungua "alsamixer" kwenye terminali, bonyeza F6 uchague kadi ya kweli, usibaki kwenye ile ya jumla. Chini ya kila mnara wa kiwango cha sauti utaona 00 au MM. MM maana yake mnara huo umenyamazishwa, na herufi m huufungua. Tangu mwanzo ALSA ilizoea kuanza ikiwa imenyamazisha kila kitu ili isimlipukie mtu masikioni. Kisha kuna faili ya /var/lib/alsa/asound.state inayohifadhi hali ya minara mashine inapozimwa, kwa hiyo mnara ulionyamazishwa na mtoto jana unarudi umenyamaza leo, na kuwasha upya mara mia hakutasaidia. Kama ningeruhusiwa ushauri mmoja tu kwa mwenye laptopu kimya, ungekuwa huu: usisahau kutazama MM.

Katika skrini hiyohiyo kuna mpangilio wa Auto-Mute, unaozima spika pale kodeki inapodhani earphone zimechomekwa. Vumbi letu jekundu la Tsavo likiingia kwenye tundu, au kiswichi cha ndani kikikwama, kodeki hudhani hivyo siku nzima. Zima mpangilio huo. Spika zikifufuka, umemjua mkosaji, nalo tundu linahitaji kusafishwa.

Je, wajua kwamba laptopu mpya zaidi zinaweza kuwa ngumu kuliko za zamani? Katika laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni sauti na maikrofoni za kidijitali hupitia kichakataji kidogo cha pekee, ambacho kinahitaji programu yake ya ndani iitwayo SOF, mradi uliotangazwa mwaka 2018. Moduli inaweza kuingia vizuri kabisa lakini ikakosa faili hiyo katika /lib/firmware, na mashine ikakuonyesha kifaa cha kubuni badala ya kadi. "sudo dmesg | grep -i sof" itasema ukweli. Katika Debian pakiti inaitwa firmware-sof-signed. Kwa dharura mstari wa "options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1" huilazimisha mashine kutumia njia ya zamani: spika hurudi, lakini maikrofoni za kidijitali hupotea. Kwa mwalimu anayefundisha kwa video hiyo si tiba, ni nusu ya tiba.

Je, wajua kwamba umeme ukikatika katikati ya sasisho la kerneli, sauti inaweza kuwa ya kwanza kupotea? Kila moduli ina muhuri wa toleo la kerneli iliyotengenezewa, na kerneli hukataa moduli yenye muhuri wa toleo jingine. Sasisho likikatika njiani, kerneli huweza kuwa mpya huku saraka yake ya moduli imejaa nusu. Katika Debian, Ubuntu na Mint, "sudo dpkg --configure -a" humalizia kazi iliyobaki, kisha "sudo depmod -a" hupanga upya orodha ya nani anamtegemea nani. Kama bado, washa kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB. Sauti ikirudi kwenye ya zamani, hujapoteza chuma, umepoteza faili, na faili hupakuliwa. Lakini katika eneo ambalo umeme hukatika, sasisha ukiwa na betri iliyojaa.

Je, wajua kwamba sauti inaweza kuwa ya msimamizi peke yake? Ikiwa "aplay -l" inasema hakuna kadi, lakini "sudo aplay -l" inaziorodhesha, moduli haina kosa. Ruhusa ndizo zimekosekana. Kwenye mashine za saiba au za maabara ya shule, ambako mtu huingia kutoka mbali, jambo hili ni la kawaida, na dawa yake ni kumwingiza mtumiaji katika kundi la audio.

Je, wajua kwamba moduli moja, snd_usb_audio, huendesha vifaa vingi mno vya watengenezaji mbalimbali? Ni kwa sababu vifaa vya sauti vya USB hufuata kanuni moja ya pamoja. Kikadi cha USB cha shilingi mia kadhaa, aghalabu chenye chipu ya C-Media na namba 0d8c, huingia bila kusakinishiwa chochote. Mashine nyingi za kuchanganya sauti zinazotumika makanisani nazo hufuata njia hiyo. Kwa fundi, kikadi hicho ni kipimo bora: kichomeke, na kikisikika, basi ALSA na programu za juu ni nzima, na ugonjwa umebaki kwenye kadi ya ndani au moduli yake. Akiba hiyo haikosi katika mkoba wa fundi makini.

Na ule mkwaruzo unaosikika kila wimbo unapoanza na kuisha? Ni kodeki inalala na kuamka ili kuokoa betri. "options snd_hda_intel power_save=0" huizuia kulala.

Je, wajua kwamba spika za Bluetooth hazihitaji moduli ya kadi ya sauti hata kidogo? Sauti yake husafiri kupitia programu za BlueZ na PipeWire. Spika ya Bluetooth ikiimba huku laptopu yenyewe ikiwa kimya, hilo halikuambii lolote kuhusu snd_hda_intel.

Juu ya ALSA kuna ghorofa moja zaidi. PulseAudio ya Lennart Poettering, iliyoanza 2004, ilitawala kwa miaka mingi, halafu PipeWire ya Wim Taymans ikachukua nafasi, ikianza kuwa chaguo la kwanza la sauti katika Fedora 34 mwaka 2021. Ghorofa hii ikikwama, moduli zote zitaonekana nzima na bado utasikia kimya. "wpctl status" huonyesha inachokiona, na "systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse" huianzisha upya bila kuzima mashine.

Je, wajua, mwisho, kwamba laptopu yako inaweza kuwa na mstari wake mwenyewe ndani ya kerneli? Watengenezaji huunganisha spika na kodeki kila mmoja kwa mtindo wake, na moduli haiwezi kubuni mtindo huo. Kwa hiyo ndani ya draiva ya kodeki za Realtek kuna jedwali refu ambalo kila mstari ni modeli moja ya laptopu, ikitambuliwa kwa namba za mtengenezaji wake: 103c kwa HP, 1028 kwa Dell, 17aa kwa Lenovo. Mistari hiyo huongezwa mtu anaporipoti kwamba modeli yake imenyamaza, na wasimamizi wa sauti ya kerneli, Takashi Iwai na yuleyule Jaroslav Kysela aliyeanza kazi mwaka 1998, huipokea.

Basi ombi langu ni kwa mafundi wa Voi na kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Mkikutana na laptopu ambayo moduli yake imeingia, MM imefunguliwa, ruhusa zipo, na bado iko kimya, msiirudishe kwa mwenyewe na neno "imekufa". Endesheni "alsa-info --no-upload", someni faili itakayoandikwa katika /tmp, kisha tumeni ripoti kwa wasimamizi hao mkitaja modeli na kilichojaribiwa. Mstari mmoja ukikubaliwa, kila laptopu ya modeli hiyo, Taveta au Tokyo, itapata sauti katika sasisho litakalofuata.